Kokoto Alifika Ruiru

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na sita mwezi wa tatu mwaka wa 2024, saa mbili kasorobo asubuhi, nyuma ya soko la Ruiru, kando ya mfereji wa maji. Ndung'u anaitaja saa hiyo bila kufikiri kwa sababu alikuwa ametoa simu mfukoni wakati huo huo, kuona wametumia muda gani kutoka Makongeni, Thika. Walikuwa wametumia saa mbili na dakika hamsini, yeye na mbwa wake Kokoto, kilomita ishirini na mbili, na mbwa hakuwa anachechemea hata kidogo. Ndung'u akatabasamu. Hilo ndilo linalomkera mpaka leo, kwamba alikuwa amesimama pale anatabasamu peke yake huku wanaume wanne wenye rungu wakitokea nyuma ya vibanda vya mitumba.

Ndung'u ni mtu wa miaka hamsini na sita. Shule aliacha darasa la tano, na kwa miaka mingi alibeba magunia kwenye kinu cha unga pale Thika mpaka nyonga ikakataa. Mke wake, Waceke, alikufa mwaka wa 2022 kwenye hospitali moja ya serikali. Kifua kilikuwa kinatafuta hewa. Mitungi ya hewa ilikuwepo, tena mingi, imepangwa stoo, lakini stoo ilikuwa na kufuli na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa bwana mmoja aliyeenda semina Naivasha. Baadaye Ndung'u aliambiwa kuwa semina yenyewe ilikuwa ya kufundisha wakubwa namna ya kuhudumia wagonjwa haraka. Alipewa pole na fomu. Fomu ilikuwa ya Kiingereza.

Nyumba ya Makongeni ikabaki na watu wawili, yaani Ndung'u na mbwa. Mbwa alikuwa wa Waceke. Alimleta kutoka sokoni ndani ya kiondo, akadai ni wa kulinda kuku, na siku iliyofuata mbwa akala kuku wawili. Waceke alimpiga na mwiko, akampa jina la Kokoto kwa sababu alikuwa akilala juu ya lundo la kokoto la jirani, kisha akamkatia nyama kutoka kwenye sahani yake mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa yule mama.

Baada ya mazishi Ndung'u hakuweza kukaa kwenye kiti. Akikaa, kichwa kinaanza kuvunja vitu. Kwa hiyo alfajiri alikuwa anatoka na kutembea, na kutembea kukageuka kukimbia, na Kokoto akamfuata. Jirani yake Dalmas, mtu wa bodaboda kutoka Siaya, akawa anamngoja langoni kila akirudi.

"Mzee Ndung'u, umeiba kuku ya nani leo?"

"Ya mamako."

"Mamangu hana kuku, omera. Ana bata. Kimbia tena urudi uchukue bata."

Binti yake wa pekee, Kui, anasuka nywele Ruiru. Aliposikia kwamba baba yake anakimbia na mbwa, alimpigia simu kwa hasira. "Baba, wewe ukichoka unasimama. Mbwa hasimami. Atakufuata mpaka moyo upasuke, na hatakuambia." Basi ikawa kila Jumapili jioni Kui anasoma mambo ya mbwa kwenye simu yake, halafu anampigia baba yake kumweleza. Ndung'u, ambaye hakuna mkubwa alimwambia kitu akakubali, alimkubalia binti yake kila neno.

Walianza na nguzo za stima. Unakimbia kutoka nguzo hii mpaka ile, unatembea nguzo mbili, unakimbia tena. Wiki tatu hivyo, mpaka Ndung'u akachoka na aibu ya kupitwa na wamama wa kanisa. Halafu kilomita mbili bila kusimama, kisha tatu. Kila wiki unaongeza kilomita moja tu, na Jumapili mbwa analala. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu, joto lote linatokea kwenye ulimi, kwa hiyo lazima muondoke kabla jua halijapata nguvu. Ulimi ukipanuka mwisho ukawa kama kijiko, simama hapo hapo, hata kama umebakisha hatua kumi ufike. Chakula anapewa jioni, si asubuhi, tumbo lisije likajipinda njiani. Maji ni kidogo kidogo, viganja viwili kila akipumzika. Miguu unaikagua kila siku, maana barabara ya murram ya mashamba ya kahawa ina vijiwe vinavyoingia katikati ya vidole vya mbwa na kukaa humo kama msumari. Ndung'u alimpaka mafuta ya kukamulia ng'ombe kila usiku mpaka nyayo zikawa ngumu kama soli ya tairi.

Jambo moja Kui hakulisoma popote, Ndung'u alilibuni mwenyewe. Njia yao ilikuwa inavuka barabara kubwa, ile ya malori na mabasi, na mwezi wa kwanza tu aliona mbwa wa mtu akigeuzwa kuwa doa jeusi kwenye lami. Kwa hiyo akamfunza Kokoto miluzi mitatu. Akiisikia, popote alipo, arudi, akae kando ya goti la kulia, na asiinuke mpaka asikie "twende". Alimfunza kwa vipande vya matumbo, miezi minne. Dalmas alisaidia majaribio. Alikuja na pikipiki ikinguruma mpaka gurudumu likagusa manyoya, Kokoto akakaa. Akagonga sufuria masikioni mwake, akakaa. Mwisho akainua fimbo juu kama anayetaka kumpasua kichwa. Kokoto akafumba macho, akafumbua, akakaa.

"Huyu si mbwa," Dalmas akasema. "Huyu ni askari."

"Askari angekimbia," Ndung'u akamjibu.

Mwanzo wa mwaka wa 2024 walikuwa wanafika kilomita kumi na nane. Ndung'u akatangaza kwamba kabla ya Pasaka watakimbia mpaka Ruiru, mpaka mlangoni kwa Kui, wanywe chai ya huko. Hakuwa anashindana na mtu. Ila alikuwa amemwahidi mtoto kitu, na tangu mamake afe hakuwa amemtimizia ahadi hata moja.

Kulikuwa na shida moja ndogo. Kola ya shingoni, ile yenye kibati cha chanjo, ilikuwa inamchuna Kokoto wakipita kilomita kumi na tano. Manyoya yalitoka, ngozi ikawa nyekundu, nzi wakaanza kufuata. Ndung'u akakata blada ya tairi, akashona mkanda wa kupita kifuani na mgongoni, akafunga kamba hapo. Siku za kukimbia kola ilikuwa inabaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Mtu yeyote anayekimbia na mbwa angefanya hivyo.

Lakini watu wenye ofisi hawakimbii na mbwa. Mapema mwezi huo mtoto mmoja wa mtaa fulani wa Ruiru aliumwa na mbwa mwenye kichaa, na wakubwa, ambao kwa miaka miwili hawakuwa wameleta chanjo hata moja mtaani pale, wakapata nguvu ghafla. Wakatoa amri kwamba kila mbwa asiye na kola na kibati auawe. Gari la spika lilizunguka Ruiru siku mbili. Halikufika Makongeni. Kui mwenyewe alilisikia, lakini akilini mwake Kokoto alikuwa na kola, maana yeye ndiye aliyempeleka kuchanjwa na kadi ilikuwa kwenye mkoba wake. Habari ya kuchunwa shingo, baba yake alikuwa hajamwambia. Aliogopa kufokewa.

Basi Jumamosi hiyo Ndung'u alifungua kamba ili mbwa anywe maji ya mfereji kwa starehe. Wale wanne walikuwa wamevaa fulana za kung'aa, na mmoja amebeba gunia lililolowa chini. Nyuma yao alikuja mkubwa wao, bwana anayeitwa Mutinda, viatu vimepigwa rangi, faili kwapani. Hakuna aliyeuliza kitu. Rungu la kwanza lilimpata Kokoto kwenye paja la nyuma akiwa bado anaramba maji. Ndung'u aliusikia mfupa. Mbwa alilia mara moja tu, akapenya katikati ya miguu ya watu, akapotea upande wa reli.

Aliyepiga anaitwa Mwas, jitu la miaka thelathini na kitu, shingo nene. Ndung'u alimrukia kabla hajajua anafanya nini, akamshika koo, wakaanguka wote kwenye matope. Watatu waliobaki wakamshukia. Mbavu, mgongo, mkono. Mtu aliyebeba magunia maisha yake yote anajua mwili unavyolia ndani ukizidiwa, na Ndung'u aliusikia wake.

"Mbwa ni ya nani?" Mutinda akauliza walipomwinua.

"Yangu."

"Kola iko wapi?"

"Nyumbani. Inamchuna shingo akikimbia."

"Akikimbia kwenda wapi?"

"Huku. Tumetoka Thika."

Wakaangaliana, kisha wakacheka. Mwas, akishika koo lake, akasema, "Mzee ametoka Thika na mguu na mbwa. Mpeni medali."

"Mwite," Mutinda akasema.

"Siwezi."

"Nimeona kamba mkononi mwako. Mtu na mbwa wake wana lugha yao. Mwite, ama nikuandike kwamba unazuia kazi ya serikali."

Ndung'u akaikunja ile kamba kiganjani. Alijua vizuri kwamba Kokoto hayuko mbali, amelala mahali anasikiliza. Miluzi mitatu tu na angekuja. Mwas akampiga kwenye mfupa wa bega. Ndung'u akapiga magoti. Akapigwa mdomoni kwa ngumi, jino likaingia kwenye mdomo wa chini na damu ikajaa. Akaitema kwenye viatu vya Mutinda, na hilo alilifanya kwa makusudi. Mutinda hakumgusa. Wakubwa hawapigi. Alirudi hatua moja, akatoa kitambaa, akapangusa kiatu huku akiangalia simu yake, na wale wanne wakaendelea na kazi. Wauza mboga walikuwa wamesimama wanatazama. Mama mmoja akasema kwa Kikuyu kwamba mzee wa watu atakufa, na mwingine akamwambia anyamaze asije akapigwa yeye.

Ni yule mama wa kwanza aliyempigia Kui simu, maana Kui ndiye humsuka nywele. Kui alifika na ndara miguuni na chanuo kichwani, ameacha mteja nusu. Alipomwona baba yake alitoa sauti ambayo Ndung'u hakuwa ameisikia tangu siku ile ya hospitali. Kisha akajisimamisha, akafungua mkoba, akatoa kadi ya chanjo.

"Bwana mkubwa, tafadhali soma. Mbwa amechanjwa. Muhuri huu hapa, tarehe hii hapa. Kola iko nyumbani."

Mutinda akasoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Alichukua muda, na Ndung'u, akiwa amepiga magoti, alitazama ule uso kama alivyotazama nyuso zote za maofisini, akitafuta mtu ndani yake.

"Sawa," Mutinda akasema mwishowe. "Chanjo iko. Mwiteni tumwone, namba iandikwe, muende zenu."

Ndung'u akatikisa kichwa.

"Baba." Kui akachuchumaa, akampangusa damu kwa kanga. "Baba, amesema sawa mbele ya soko lote. Na mbwa ameumia. Ukimwacha hivyo ataendelea kukimbia tu, si unamjua? Atafia kwa mtaro huko Juja peke yake."

"Hawa si watu, Kui."

"Amesoma kadi. Nimemwona akisoma."

Maisha yake yote Ndung'u hakumwamini mtu mwenye faili. Siku hiyo moja alimwamini, na si kwa sababu ya faili. Ni kwa sababu mtoto alimwomba, na alikuwa na macho ya mamake.

Mluzi wa kwanza haukutoka. Mdomo ulikuwa umepasuka, ikatoka hewa na damu. Akameza, akauvuta mdomo kwa vidole viwili, akapiga. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

Kokoto akatokea kwenye nyasi za reli. Alikuja kwa miguu mitatu, wa nne ukiburutwa, na hata hivyo alikuja mbio. Alipita katikati ya wale wanaume bila kuwatazama. Alifika kwa Ndung'u, akazunguka upande wa kulia, akakaa. Akakaa vizuri, kifua mbele, ule mguu mbovu umelala kando. Mkia ukafagia vumbi mara mbili. Kui, bado ameinama akimpangusa baba yake, akaanza kutoa shukrani, akafika katikati ya neno.

Sauti ikasema, "Piga."

Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayemwambia utingo agonge bodi gari liondoke. Mwas akainua rungu. Kokoto aliliona, akafumba macho, akafumbua, akakaa. Miezi minne ya matumbo. Rungu likashuka katikati ya masikio. Hakuinuka. Aligeuza kichwa, damu ikimtoka puani, akamtazama Ndung'u usoni kama anavyomtazama barabarani malori yakipita, akingoja aambiwe. Rungu la pili likashuka. Ndung'u alikuwa amefungua mdomo, na neno lilikuwa moja tu, silabi mbili, neno alilolisema kila alfajiri. Lilitoka baada ya rungu la tatu.

"Twende," akamwambia mbwa aliyekufa.

Yaliyofuata Ndung'u anayakumbuka vipande vipande. Anakumbuka rungu likiwa mkononi mwake, lina joto, na hajui alilitoa vipi kwa Mwas. Anakumbuka mkono wa Mutinda ulioinuka kukinga, na jinsi kiwiko kilivyokunjika upande usiokunjika. Anakumbuka meno kwenye matope, na faili limefunguka, karatasi zinanyonya damu. Mwas alijaribu kumshika kwa nyuma, akapigwa goti likafunguka kama mlango. Wale watatu walikimbia. Walipoangusha gunia, mikia ikamwagika, myeupe, ya kahawia, ya madoa, maana mkia ndio ushahidi kwa mkubwa kwamba kazi imefanyika. Ndung'u alipoiona alimrudia Mutinda chini, akampiga tena mgongoni, tena, tena, mpaka Kui akamlalia Mutinda kwa mwili wake mwenyewe na kusema, "Basi unipige mimi." Hapo ndipo mkono ulipoteremka.

Polisi walikuja haraka. Huwa wanakuja haraka kwa watu wengine. Dalmas alisikia habari akiwa Thika, akaja na pikipiki, akaichukua maiti ya Kokoto kwenye mfereji kabla ya mtu kuikata mkia, akaifunga kwenye koti lake la mvua, akamrudisha Makongeni barabarani, mbele juu ya tangi, kama anavyobebwa mtoto.

Ndung'u alikaa ndani wiki tatu, akatoka kwa dhamana, na kesi ikaanza, kujeruhi watu wawili. Hakukana. Wakili hana. Hakimu alimuuliza maswali mengi na aliyajibu yote, nani alipiga nani, kwa kitu gani, mara ngapi. Kuhusu mbwa hakuulizwa chochote, kwa sababu mbwa hakuwa mlalamishi.

Lakini mshtakiwa asiye na wakili anaruhusiwa kumuuliza shahidi. Siku Mwas alipopanda kizimbani na magongo, Ndung'u alisimama akamuuliza jambo moja. Mwas akakuna shingo. "Mimi nasikianga piga, napiga. Mtu alisema nyuma yangu. Sikugeuka." Wale watatu, mmoja mmoja, wakasema kila mmoja alidhani ni mwenzake. Karani wa ofisi iliyotoa amri akaleta barua isemayo kwamba utaratibu ulifuatwa. Kui naye akasema alikuwa ameinama akipangusa uso wa baba yake, alisikia tu sauti ya mwanaume, tena ya upole.

Mutinda ndiye alikuwa wa mwisho. Alikuja na mkono kwenye bendeji na meno mapya, akasema alikuwa anaandika, hakuona kitu. Ndung'u akashika mbao za kizimba kwa mikono yote miwili.

"Bwana Mutinda, kadi ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ulisema sawa?"

"Nilisema sawa."

"Mbwa alikuja, hakuuma mtu?"

"Hakuuma."

"Alikaa?"

Mutinda akamtazama mwendesha mashtaka, kisha akatazama dirisha. "Alikaa."

"Basi niambie na uende nyumbani, sitakuuliza kingine. Mbwa amekaa, kadi iko mkononi mwako, umeshasema sawa. Nani alisema piga?"